Madeni: Hakuna

Nililipa elfu moja, nikapewa risiti,
kisha kijana wa dirishani, pale Mbeya, akaniambia kwa upole:
Mama, kusoma ruksa. Kunakili, hapana.
Kalamu yangu akaitia kwenye droo
kama mtu anayempokea mgeni panga mlangoni.

Hakujua anaongea na nani.
Miaka kumi na tisa, kiwanda cha mbao, Nyololo,
mwenye daftari ni mimi.
Vijiti vinne, cha tano kinalala juu yao:
mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane.
Ukungu ukiingia hadi kwenye msumeno
nahesabu kwa sikio; ubao ukidondoka
najua ni msindano au mlingoti.
Ukutani bosi ameandika kwa rangi nyekundu:
Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi nikasoma kwa vidole, chini ya meza.

Nikodem Luhwago, Mbunge.
Nyumba, Dodoma: moja. Nyumba, Iringa: mbili.
Gumba, shahada, cha kati.
Malori mawili, "biashara ya familia".
Hisa. Sikuzielewa hisa,
nikazikunjia kidole hivyo hivyo.
Msitu wa misindano, ekari mia tatu na arobaini.
Chanzo: urithi kutoka kwa baba.

Hapo nikarudi nyuma, nikasoma tena.
Baba yake ni mzee Yustino,
mlinzi wetu wa zamu ya usiku,
koti moja la jeshi, tochi isiyo na betri,
aliyekuwa akiniomba magome
awashe moto wa kuota.
Ekari zipi?

Taarifa za Bunge nilikuwa nimeshazisoma, Mafinga,
kwa mwalimu Twilumba, anayezitunza
kwenye debe la mahindi, panya wasizifikie.
Miaka mitano yote nikaichambua
kama maharage yenye mawe.
Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja.
Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja asilimia mia moja.
(Makofi)
Vijiti thelathini na kimoja.
Barabara ya Igowole aliitaja mara moja, swali la nyongeza;
majibu ya Waziri yalikuwa marefu
kuliko lami tuliyoipata.
Lakini siku ya ushuru wa mazao ya misitu,
siku hiyo mtu wetu alisimama!
Dakika kumi na mbili, kwa uchungu, kwa takwimu:
wenye mashamba makubwa wanaumia, wapunguziwe.
Kwamba naye anayo mashamba, hakugusia.
(Kicheko)
Imeandikwa hivyo. Haikuandikwa nani alicheka.

Sisemi ameiba. Faili halisemi,
na mimi nahesabu mbao, sihesabu mioyo.
Pengine mzee alikuwa na ardhi
na baridi aliipenda tu.

Ukurasa wa mwisho, sehemu ya mwisho,
maneno mawili, saini yenye mkia mrefu, muhuri wa wakili:
Madeni: Hakuna.

Nikadai kalamu yangu.
Kijana akauliza, Umepata ulichotafuta, mama?
Nikamwambia nimekuja kuangalia tu.

Usiku ule nilifika nyumbani, sikuvua hata kitenge cha begani.
Nikavuta sanduku chini ya kitanda:
madaftari, jalada zimeliwa na mchwa,
kurasa zinanuka utomvu.
Julai ya mwaka ule, wiki ya jalidi,
viazi vilipoungua shambani na mzee Yustino
akakutwa amekaa, moto umezimika.
Moja kwa nane, futi kumi na mbili, daraja la kwanza.
Vijiti vinne, cha tano juu yao.
Vijiti vinne, cha tano juu yao.
Na kimoja, peke yake.
Mbao kumi na moja, za jeneza.
Chini yake, wino umekwajuka, mkia wa saini haujakwajuka:
N. Luhwago. Nitalipa Krismasi.